Heltec V3, T-Beam au RAK4631: bodi ipi ya LoRa ikufae ukiwa Dar?

Mtu akitaka kununua bodi ya LoRa, ile redio ndogo ya kurusha taarifa mbali bila laini ya simu, swali lake la kwanza huwa: "Inafika kilomita ngapi?" Muuzaji naye hana hiyana, anamtajia kumi, kumi na tano, na biashara inaishia hapo. Kwa bodi tatu ninazolinganisha hapa, swali hilo halitenganishi kitu. Heltec WiFi LoRa 32 V3 na RAK4631 zinatumia chipu ileile ya redio, SX1262 ya Semtech. LilyGO T-Beam inauzwa ama na SX1262 ama na SX1276 iliyoitangulia. Zifunge antena za aina moja, zipandishe kimo kimoja, zipange sawasawa, na umbali utakaribiana kiasi kwamba ghorofa moja la jirani litaleta tofauti kubwa kuliko jina la bodi.

Zinakoachana hasa ni kwenye umeme. Ndiyo maana mimi huanza na swali jingine: bodi hii itakaa wapi, na itakula umeme gani? Anayejua jibu la hilo ameshachagua nusu.

Tuwekane sawa kidogo kabla ya kuendelea. LoRa ni njia ya kurusha taarifa ndogondogo kwa redio, iliyobuniwa na Cycleo, kampuni ya Grenoble, Ufaransa, ambayo Semtech waliinunua mwaka 2012. Haitaki laini ya simu wala bando. Lakini haibebi picha wala video: kifurushi kimoja hakizidi baiti 255, na ukiipanga kwa umbali mkubwa kabisa kasi yake inashuka hadi biti 300 hivi kwa sekunde. Inatosha kukuambia simtanki limebaki robo, joto la banda la kuku limefika nyuzi 34, au mashua iko sehemu gani ya bahari. Kama unachotaka ni kamera ya getini, hakuna bodi hapa itakayokusaidia.

Jambo la pili: hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ni lango kamili la LoRaWAN, yaani mtandao ambao vihisi vingi vya LoRa hutuma taarifa kwenye lango moja. Lango lina chipu ya namna nyingine, kama SX1302, inayosikiliza chaneli 8 kwa pamoja. Bodi hizi husikiliza moja tu kwa wakati. Zinafaa kuwa kihisi kinachotuma kwenye lango, kuongea bodi kwa bodi, au kuwa kituo katika mtandao wa kupokezana ujumbe kama Meshtastic, mradi ulioanza mwaka 2020.

Vigezo ninavyotumia

Nitazipima kwa mambo matano: ulaji wa umeme, antena na masafa, vitu vinavyokuja juu ya bodi, programu, na mwisho betri, viunganishi na gharama. La kwanza nitalikalia muda mrefu, kwa sababu ndilo linaloamua kama kifaa chako kitakuwa hai mwezi ujao au utakuwa ukipanda ngazi kila asubuhi kukichaji.

Umeme

Heltec V3 ina ubongo wa ESP32-S3: kori mbili za MHz 240, Wi-Fi na Bluetooth. Ni ubongo wenye nguvu na wenye njaa. Ikiwa macho muda wote, redio inasikiliza na Bluetooth iko wazi, hesabu kama mA 100 (miliampea, kipimo cha umeme unaovutwa). Betri ya kweli ya mAh 2500, yaani inayotoa mA 2500 kwa saa moja, itakupeleka siku moja na saa moja hivi. Umeme ukikatika jioni, utalala nayo na kuamka nayo, lakini usitarajie zaidi.

T-Beam ya kawaida ina ESP32 ya kizazi cha kwanza, na juu yake kuna kipokezi cha GPS ambacho nacho kinakula. Ukiacha vyote vinafanya kazi, ulaji unazidi ule wa Heltec. Faida yake ni chipu ya kusimamia umeme ya familia ya AXP, ambayo inaruhusu programu kuizima GPS kabisa isipohitajika. Anayeandika programu vizuri atapata muda mrefu, na asiyejali ataona betri inaisha kabla ya siku kwisha.

RAK4631 imekwenda njia nyingine. Ubongo wake ni nRF52840 ya Nordic, kori moja ya MHz 64, ina Bluetooth lakini haina Wi-Fi. Kwenye karatasi inaonekana nyonge. Sasa iache macho, redio ikisikiliza muda wote: SX1262 yenyewe inachukua chini ya mA 6 ikiwa inasikiliza, na bodi nzima inazunguka kwenye mA 10 hivi. Betri ileile ya mAh 2500 inakaribia siku kumi. Paneli ndogo ya sola juu ya bati inatosha kuilisha, hata zile wiki za masika ambapo jua la Dar linachungulia tu na kurudi.

Hapo wengi husema basi RAK imeshinda. Subiri. Hesabu hiyo ni ya kituo kinachosikiliza muda wote. Kihisi cha kawaida hakifanyi hivyo: kinaamka, kinapima, kinatuma, kinalala. Heltec V3 ikilala usingizi mzito kwa betri, watengenezaji wanataja chini ya mikroampea 10, ambayo ni mAh 0.24 kwa siku, yaani karibu na bure. Tuseme inaamka kila dakika 15 na kukaa macho sekunde 3 kwa mA 100. Hizo ni mara 96 kwa siku, sekunde 288, sawa na mAh 8. Betri ya mAh 2500 itaisukuma miezi kadhaa. RAK itakaa zaidi ya hapo, ndiyo, lakini kwa simtanki la nyumbani tofauti ya miezi minane na mwaka si ya kukukosesha usingizi.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika kwenye hesabu hizi. LoRa ina ngazi za kutandaza mawimbi, SF7 hadi SF12. Ngazi ya juu ni kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: anavuta maneno ili yafike, na anachoka haraka. Ujumbe wa LoRaWAN wa baiti 51 kwa SF7 unachukua sekunde 0.12 hewani, na kwa SF12 unachukua karibu sekunde 2.8. SX1262 ikirusha kwa nguvu zote inavuta mA 118. Tuma mara 96 kwa siku kwa SF12 na umeshachoma mAh 9 kwa kurusha tu, hata kama bodi yako ni RAK. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela zaidi kwa ajili ya bodi yenye usingizi mwororo, angalia kama huwezi kuinua antena mita mbili na kushuka hadi SF8.

Joto nalo lisisahaulike. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na boksi jeusi lililofungwa kila upande juu ya bati la Tabata saa nane mchana linafika hapo bila shida. Boksi liwe jeupe, likae kivulini, na paneli pekee ndiyo iote jua. Hili halichagui bodi.

Antena na masafa

Hapa nguvu za redio zinakaribiana, kwa hiyo tofauti ni ya soketi. T-Beam ina SMA, ile ya kuzungusha kwa mkono, imara, na antena yoyote ya SMA inaingia. Angalia tu usinunue RP-SMA, maana kwa nje zinafanana lakini katikati hazigusani. Heltec V3 na RAK4631 zina soketi ndogo ya kubonyeza ya IPEX. Soketi za namna hiyo zimeundwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 30 hivi tu. Ukiwa mtu wa kubadilisha antena kila siku, funga kebo fupi ya kuvusha kwenda SMA siku ya kwanza, ishikishe kwenye boksi, na usiiguse tena. Na kwa zote tatu: usiwashe redio ikiwa haina antena. Nguvu isiyo na pa kwenda inarudi kwenye chipu.

Masafa ndiyo mtego wa wanunuzi wa Dar. Bodi nyingi mtandaoni zinatangazwa kwa MHz 915, kwa sababu soko la Marekani ni kubwa. Tanzania iko Kanda ya Kwanza ya ITU, shirika la kimataifa linalogawa masafa, pamoja na Ulaya na Afrika yote, na huku kwetu jirani za 915 ni simu: bendi ya 900 inatumia MHz 880 hadi 915 simu zinaporusha, na 925 hadi 960 minara inapojibu. Ukipiga kelele hapo unasumbua watu, na wewe mwenyewe unasikia vibaya. Agiza bodi na antena ya 868. Heltec na RAK za masafa ya juu zinaweza kupangwa 868 kwa programu hata zikiwa zimetangazwa kwa 915, lakini antena iliyokatwa kwa 915 haitakuwa na urefu sahihi: robo ya wimbi la 868 ni sentimita 8.6, na ya 915 ni 8.2. Kama mradi ni wa biashara, pitia kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, uulize chaneli, nguvu inayoruhusiwa na uidhinishaji wa kifaa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo inayowapa meno.

Kuhusu kilomita, kwa kuwa najua bado unazitaka: kwenye eneo lililo wazi kabisa, upeo wa redio wa antena iliyo mita 1.5 kutoka usawa wa bahari ni kama kilomita 5, na iliyo mita 9 ni kama 12. Kutoka ufukwe wa Kunduchi kuelekea Mbudya hakuna ghorofa katikati, bodi yoyote kati ya hizi itafurahi. Kariakoo, katikati ya zege la ghorofa kumi, bodi ileile inaweza kupotea baada ya mitaa michache. Mtu wa Pugu mwenye antena kileleni ana bahati ambayo mtu wa bondeni Jangwani hawezi kuinunua kwa kubadilisha bodi.

Kinachokuja juu ya bodi

Heltec V3 inakuja na skrini ndogo ya OLED ya inchi 0.96 tayari imeshafungwa. Usidharau. Unapojaribu umbali ukiwa mtaani, kuona nguvu ya mawimbi bila kufungua kompyuta kunaokoa muda mwingi. Haina GPS, na sola haina mlango wake.

T-Beam ina GPS ya u-blox na kishikio cha betri ya 18650 mgongoni. Kwenye matoleo ya kawaida skrini huja pembeni na unaichomelea mwenyewe kwa risasi. T-Beam Supreme, ambayo ina ESP32-S3, huja na skrini imefungwa. Ni bodi ndefu, nzito ikishapata betri, lakini ni kitu kimoja: unaweka betri, unafunga antena, unatembea.

RAK4631 yenyewe ni kipande kidogo tu kinachobonyezwa juu ya bodi mama, kama RAK19007. Bodi mama ndiyo yenye USB-C, mlango wa betri, mlango wa paneli ya volti 5, na nafasi za kubonyeza vihisi: RAK1901 ya joto na unyevu, RAK12500 ya GPS, na vingine vingi. Hakuna kuchomelea. Kwa shule au chuo, hapo pana raha yake, maana wanafunzi wanajenga kituo cha hali ya hewa bila kuunguza vidole. Kwa mtu mwenye haraka, kila kitu ni cha kuongeza, hata skrini.

Programu

Nitapita haraka. Zote tatu zinakubali Arduino na PlatformIO, zana za kuandikia programu za bodi, na maktaba ya RadioLib inazielewa redio zote mbili. Zote zinakubali Meshtastic, na kwa Heltec na T-Beam unaipakia kupitia kivinjari cha Chrome. RAK unaichomeka, inajitokeza kama flashi, unaburuta faili ndani, basi. Mifano ya ESP32 iliyoandikwa na watu duniani ni mingi mno, kwa hiyo anayeanza na Heltec au T-Beam akikwama atapata wa kumkwamua upesi. Ya nRF52840 ni michache lakini imetulia. Ukihitaji Wi-Fi, kwa mfano bodi ipokee LoRa na kusukuma taarifa kwenye seva kupitia intaneti ya nyumbani, RAK4631 peke yake imetoka kwenye mchezo.

Betri, viunganishi na gharama

Betri za lithiamu husumbua kusafirishwa kwa ndege, kwa hiyo mara nyingi bodi itatoka nje na betri utaitafuta hapa. Kariakoo zipo za kila namna. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9900, ujue unasoma hadithi: 18650 nzuri za kawaida huishia kwenye 3500 hivi. Hili linamgusa zaidi mtu wa T-Beam. Faida yake ni kwamba kishikio kinaonyesha wazi upande wa chanya na hasi, na betri ikifa unabadilisha kama ya tochi.

Heltec V3 inatumia kiunganishi kidogo sana cha milimita 1.25. Betri za kuchomeka moja kwa moja ni nadra mitaani, na zikipatikana huenda nyaya zimegeuzwa, nyekundu ikakaa penye nyeusi. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka, maana ukikosea hakuna onyo, kuna moshi. RAK19007 ina kiunganishi cha JST cha milimita 2.0, kinachopatikana kirahisi kidogo, na tahadhari ni hiyohiyo. Kwenye mlango wake wa sola weka paneli ya volti 5. Ile ya volti 12 ya kuchajia betri za taa usiisogeze hapo.

Kwa bei, Heltec V3 kwa kawaida ndiyo nafuu. T-Beam iko juu yake, lakini kumbuka umelipia GPS na kishikio humohumo. RAK4631 inadanganya macho: kipande chenyewe hakitishi, ila jumlisha bodi mama, vihisi, skrini, nauli na kodi, ndipo ulinganishe. Linganisha mradi uliokamilika, usilinganishe bodi tupu.

Kwa hali yako

Unajifunza, chumbani kuna soketi ya ukutani, bajeti ni ya mwanafunzi: Heltec V3, mbili. Skrini itakufundisha mengi kuhusu mawimbi kuliko maelezo yoyote.

Unataka kujua maji ya simtanki nyumbani Mbezi, na mpokeaji yuko sebuleni: Heltec pande zote mbili. Ya juu ilale na kuamka, ya sebuleni ikae kwenye chaja na itume taarifa kwa Wi-Fi.

Una mashua, bodaboda au bajaji unazotaka kujua ziko wapi: T-Beam. Kwenye pikipiki ilishwe kutoka kwenye chombo chenyewe kupitia kishusha volti hadi 5. Kwenye mashua ifunge ndani ya boksi lisilopitisha maji, maana chumvi ya bahari haisamehi shaba. Kama vyombo vyako vinazunguka mji mzima na huna mahali pa juu pa kuweka mpokeaji, kifaa cha kawaida cha kufuatilia chenye laini ya simu kitakufaa kuliko bodi yoyote ya LoRa.

Una shamba Mkuranga au Kisarawe ambako nguzo ya TANESCO haijafika, au unataka kupima kina cha mto kama Msimbazi mahali ambapo hakuna wa kupita kila wiki: RAK4631 na paneli. Mazingira ya namna hiyo ndiyo yanayorudisha gharama yake.

Mnajenga mtandao wa ujumbe mtaani, wa kutumia mitandao ya simu ikielemewa au umeme ukikatika eneo zima: changanyeni. Kituo cha paani kiwe RAK, kwa sababu kinasikiliza usiku na mchana. Mkononi kila mtu achukue anachomudu, Heltec au T-Beam, na wote waongee lugha moja ya Meshtastic. Mpangilio wake wa kawaida unaruhusu ujumbe kurushwa upya mara 3, na unaweza kuongezwa hadi 7, lakini mkiwa wengi msiongeze ovyo, hewa inajaa.

Na kwa hali yoyote kati ya hizo, ukiagiza, hakikisha zote ni za masafa yaleyale. Ya MHz 433 na ya MHz 868 hazitasikilizana hata ukiziweka meza moja.